Mkaa wa Pipa la Maji

Lugendo alirudi na jembe kuufukia mkaa wa magunzi aliouchota juzi kwenye pipa la kuchujia maji na kuuacha juani kwenye gunia, akakuta gunia tupu. Kwa miezi mitatu mkaa ule ulikuwa umenyonya zebaki ya waosha dhahabu wa mtoni. Moshi ulikuwa ukitoka jikoni.

"Nani yumo jikoni?" alimwuliza mkewe, Kabula.

"Mama, na mtoto mgongoni. Anachoma mahindi. Kasema mwanamume gani anatupa mkaa mzuri hivi."

"Watoe! Moshi ule ni sumu!"

Kabula aliita. Mama yake akacheka humo ndani. "Mwambie mkwe, maji ya mkaa huu mnakunywa, mahindi yake yana nini?"

Kwao, mwanamume haingii jikoni aliko mama mkwe. Hata njiani humpisha. Lugendo alisimama mlangoni, akamsikia mwanawe akikohoa.

Akaingia. Alilibeba jiko la moto kwa mikono mitupu, akalitupa uani.

Mama mkwe alijifunika uso kwa khanga. Mgongoni mwake mtoto alikuwa ametulia, shavu limejaa, akitafuna mahindi.