Zamu ya Alhamisi

Baudilio hakuwa na mke, wala mtoto, wala cheti cha shule, wala neno moja la Kifaransa. Mshirika wake Mfaransa alileta mapipa na ufundi wa kuchanganya divai. Yeye alileta ardhi na mizabibu ya babu yake.

Alhamisi ilikuwa zamu ya mizabibu hiyo kupata maji ya theluji kutoka milima ya Andes. Asubuhi alikwenda na jembe, akaukuta mfereji mkavu. Alichuma jani, likavunjikavunjika kiganjani.

"Mfaransa kasema maji niyaelekeze shamba lake jipya," alisema mfungua maji, aliyegawa maji ya mifereji kwa zamu, akitazama chini. "Mizabibu hii ataing'oa baada ya mavuno, mzee."

Mfaransa mwenyewe akatokea. "Usininunie, kaka. Mizabibu imezeeka."

"Uliniapia mezani kwa mama yangu kwamba hutaigusa."

"Hata wewe umezeeka! Tukung'oe?" Akacheka, akampiga begani.

Baudilio aliingia ndani. Haki ya maji ya mashamba yote mawili ilikuwa kwa jina lake peke yake. Aliandikia ofisi ya maji kwamba anairudisha haki hiyo yote, kuanzia leo, mashamba yote mawili yasipate tena hata tone.

Akalamba bahasha, akaibana kwa kidole gumba, akamkabidhi mfungua maji.

"Ifikishe mjini kabla ya chakula cha mchana."