Fuwele za Ghalani

Harufu ya mayai viza ilitoka maabara, ikapita bwenini, ikafika mpaka ofisini kwa mkuu wa shule. Wasichana waliziba pua kwa mikono ya masweta. Madam Josefina, mkuu mwenyewe, hakuziba. Alisimama mlangoni mwa maabara, akauliza:

"Inaendaje, mwalimu?"

"Inaenda, Madam," alijibu mwalimu Evaristi bila kuondoa macho kwenye chupa.

Shule ilikuwa inaibiwa. Mlango wa ghala haukuvunjwa wala kufuli halikuguswa, lakini sukari ilipungua, mafuta ya kula yakapungua, na wasichana wakaanza kunywa uji wa ulezi usio na sukari katika baridi ya Malangali, ambayo haina huruma na mtu.

Funguo za ghala zilikuwa mbili. Mmoja ulining'inia kwenye msumari ofisini kwa walimu. Wa pili alikaa nao mzee Isdori, mlinzi, mtu wa Ilemba, aliyelinda geti lile tangu shule haijapata umeme. Madam Josefina alilipima jambo hilo na kuamua kwamba walimu hawaibi sukari. Akamwambia mzee Isdori mwezi ukiisha afungashe virago.

Mzee alimfuata Evaristi nyuma ya maabara, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwalimu, mimi sijachukua hata punje."

"Najua, mzee wangu."

"Unajuaje?"

"Najua tu."

Siku hiyo Evaristi hakula. Alizunguka uwanjani, upepo ukimpeperushia koti, kisha akaenda mwenyewe kwa mkuu wa shule. Alisema kwamba chuoni alisomea fuwele ndogo za salfaidi za metali, na kwamba fuwele za namna hiyo zinaweza kupakwa kwenye magunia na madumu. Mtu akishika, zinabaki mkononi. Ukimmulika kwa taa ya zambarau, ile ya kukagulia noti bandia, mikono inawaka.

"Hata akinawa?"

"Labda ajichune ngozi."

Madam Josefina alipenda jibu hilo. Taa waliazima kwa Bashiri, mwenye duka la jumla mjini, aliyeitoa kwa sharti la kusimuliwa mwisho wa habari.

Evaristi aliyeyusha chumvi ya zinki pamoja na manganizi kidogo, akaongeza wanga wa mahindi ili chembe zisigandamane, kisha akadondosha salfaidi ya sodiamu taratibu. Hapo ndipo harufu ilipoanza. Chupa ya kwanza aliichemsha sana. Alipoimulika mbele ya Madam Josefina, iliwaka rangi ya chungwa, kama kaa la moto.

"Yesu na Maria!" alisema Madam Josefina. "Paka leo leo."

"Hapana. Angalia, inaacha vumbi jeupe. Mwizi ataliona na kujifuta. Kwenye kazi hii ukubwa wa chembe ndio kila kitu, Madam. Ukiziacha motoni zinakua, ukiziwahi zinabaki changa. Na tabia yake inabadilika: mwanga unaoiamsha chembe kubwa sio unaoiamsha ndogo. Nipe muda nizipunguze."

"Wewe ndiye mtaalamu."

Kwa siku kadhaa Evaristi alibaki maabara baada ya vipindi. Alizidisha wanga. Aliacha moto, akatumia maji ya bomba ya alfajiri, yanayouma vidole. Chupa nyingine alizimwaga, nyingine akazirudia. Mwishowe alipata maji maangavu yasiyoacha alama hata kwenye kitambaa cheusi. Alifunga mapazia, akawasha taa ya Bashiri juu yake, akatazama kwa muda mrefu. Akavuta pumzi. Hiyo ndiyo aliyokuwa anaitafuta.

Ijumaa jioni, wapishi walipokwisha kutoa vyakula vya siku mbili, alivaa glavu akapaka magunia, madumu na komeo la ghala, Madam Josefina akiwa amesimama pembeni kama shahidi.

Jumatatu sukari ilikuwa imepungua tena.

Wafanyakazi wote waliitwa kwenye chumba cha walimu, mapazia yakashushwa. Evaristi alitangulia kuweka mikono yake mwenyewe chini ya taa, ili wenzake wasiogope. Haikuwaka. Wakafuata walimu, mmoja mmoja. Wakafuata wapishi. Madam Josefina naye aliweka yake, kwa mfano mwema.

Mzee Isdori alikuwa wa mwisho. Mikono yake chini ya mwanga wa zambarau ilikuwa mikavu, imejaa mikunjo, na hapakuwa na hata nukta ya rangi ya chungwa. Aliigeuza upande wa pili bila kuambiwa. Kisha akakaa kwenye kiti cha makamu mkuu wa shule akalia, na hakuna aliyemwambia ainuke.

"Mzee, tusameheane," alisema Madam Josefina. "Mwizi anatoka nje. Kazi yako iko palepale."

"Mungu akubariki, mwalimu," mzee alimwambia Evaristi, akimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Evaristi aliinamisha kichwa.

Jioni ile ile Madam Josefina alinunua kufuli jipya. Alizikusanya funguo zake zote na kusema ghala sasa litakuwa chini ya mtu mmoja tu, ambaye uaminifu wake hauna mjadala.

Evaristi alifika nyumbani jua likizama. Mkewe, Adela, alikuwa jikoni, anasonga ugali.

"Mzee Isdori wamemfukuza?"

"Hapana. Wamemwachia."

"Afadhali. Nilikuwa silali. Na wewe, hawakukuona?"

"Nilizifanya ndogo mno. Taa ile haiwezi kuziamsha." Alitoa funguo mpya mfukoni, akazitundika ukutani. "Mafuta yamebaki?"

"Ya leo tu."

"Basi kesho nitaleta dumu zima."