Kidole cha Mwanaheri

"Shoga, kumbe ulimwomba Mola amchukue mumeo?" Bi Tima, jirani yake, alimwuliza Mwanamkuu kisimani.

Tangu mashine zianze kusoma kuta za msikiti mkongwe wa kilima cha magofu, mawe yalirudisha kila dua iliyonong'onwa pale. Lakini sauti ya mtu haikufunguka ila kwa kidole cha mwanawe, naye Mwanamkuu alikuwa na mmoja tu.

Akamkuta Mwanaheri jikoni, anakuna nazi.

"Mama, nilipowafungulia dua yako, wageni waliokuja kutazama magofu walilia! Baba aliteseka mno, aibu iko wapi?"

"Nilimwambia Mungu, mwanangu. Sikuwaambia wageni."

"Ukuta ni wa watu wote."

Mwanamkuu alikitazama kile kidole alichokifundisha mwenyewe kuvuta uradi kwa tasbihi. Akajitanda buibui lake, akatoka.