Makofi Katika Chumba cha Sumaku

Bi Siwema alilala kitandani, mguu wake wa kulia ukiwa ndani ya mashine ya sumaku. Mwezi uliopita alipandikizwa kipande kidogo cha chuma chenye dawa kwenye mfupa wenye saratani. Sumaku ikifanya kazi, kipande hicho hupata joto na kutoa dawa palepale. Tiba ikishindwa, mguu utakatwa.

Siku hiyo waliingia waheshimiwa wanne kukagua. Muuguzi Tabitha aliwaomba wavue saa na pete mlangoni, kama wafanyavyo wote. Wakamcheka.

"Dada, hii saa haivuliwi ovyo," alisema mkubwa wao.

Daktari Mkude alitabasamu kinyonge, akabonyeza kitufe. Taa za kijani zikawaka. "Waheshimiwa, sasa dawa inaingia kwenye uvimbe."

Wakapiga makofi.

Bi Siwema akainuka kwa kiwiko. "Mnashangilia nini? Mguu wangu bado ni wa baridi kama samaki wa kwenye friji. Daktari kawawashia taa tu, saa zenu zisiharibike!"

Daktari akainamisha uso. "Mama, tutarudia wiki ijayo."

"Uvimbe wangu hauendi likizo, mwanangu. Watoe watu wako wazima hawa, wakapige makofi nje."

Walitoka wakinung'unika kwamba wagonjwa wa siku hizi hawana adabu. Daktari aliwafuata mbio, akiwaomba radhi.

Tabitha alifunga mlango, akawasha sumaku yenyewe. Bi Siwema alifumba macho, midomo ikimtembea kwa sala. Baada ya muda, jasho jembamba likaanza kuchomoza juu ya goti lake.