Mama Noela Hayupo

Mlango wa stoo ulifungwa kufuli kwa nje saa nne asubuhi, na Paskalina mwenyewe, aliyekuwa ndani, ndiye aliyemkumbusha bintiye. Mgeni akitafuta choo angeweza kukosea mlango.

"Mama, hujakasirika?" Noela aliuliza kwenye upenyo.

"Nikasirikie nini? Wewe kapokee wageni."

Alisema kweli. Hasira zilimwisha kitambo, na machozi yakazifuata. Alikalia gunia la mahindi, akajikuna kiwiko taratibu, magamba meupe yakadondokea kwenye sketi. Miaka tisa ya ugonjwa humfundisha mtu kujikuna bila kelele.

Daktari aliwaambia wote, Baba Noela akiwapo: ni soriasisi, haiponi moja kwa moja, ila haiambukizi. Baba Noela alitikisa kichwa kukubali, na siku hiyohiyo akahamia kulala kwenye kochi. Watu wa Babati ni wastaarabu, hawamsemi mtu usoni. Waliacha tu kununua maandazi yake. Kwenye sala za jumuiya walimwachia benchi zima akae peke yake kama askofu. Wachumba wawili wa Noela waliwahi kufika hapa mtaani Maisaka, wakapeana naye mkono, wakanywa soda nusu, wala hawakuonekana tena.

Huyu wa tatu, Jovin, Noela alikutana naye kazini Dodoma, na kwao ni Bukoba. Hakuwahi kukanyaga Babati. Safari hii binti alijipanga mapema. "Tutasema umeenda Mbulu kumuuguza bibi," alimwambia mama yake. "Ndoa ikishapita, watakufahamu taratibu."

Paskalina alikubali. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, awe na ngozi nzuri au mbaya.

Bajaji mbili zilisimama nje. Ukuta wa stoo haukufika darini, hivyo kila neno la sebuleni lilimfikia. Sauti nzito ilijitambulisha kuwa ni Mzee Nestory, baba mkubwa wa Jovin. Kabla hata ya kuketi akasema, "Poleni sana, Baba Noela. Poleni mno."

"Tumeshapoa," mumewe alijibu.

Wanatoa pole ya bibi, Paskalina aliwaza, akawaona ni watu wa heshima. Kisha akamsikia mzee akimgeukia Benadetha, dada wa mumewe.

"Kumbe wewe shangazi ndiye unayesimama na binti?"

"Ndiyo, baba. Ni mimi."

Barua ya posa ilisomwa. Noela akaitwa mbele, akaulizwa kama anawafahamu wageni hawa, na barua yao ipokelewe au irudishwe.

"Ipokelewe," alijibu.

Vigelegele vikalipuka. Kule stoo Paskalina alifungua kinywa apige chake, akakiziba kwa kiganja. Alikuwa na furaha, hilo alilijua, ingawa ilimfikia kwa mbali kama redio ya jirani. Miaka tisa imekwisha, alijiambia. Mwanangu anaolewa.

Viti vikasogezwa, watu wakasimama. Sahani zilishaanza kugongana, naye akajua ni sala ya chakula. Alisimama pia, akafuta magamba kwenye sketi, akafanya ishara ya msalaba.

"Raha ya milele umpe, ee Bwana," Mzee Nestory alianza.

Haikuwa sala ya chakula, lakini kinywa cha Mkatoliki hakihitaji kuamshwa. "Na mwanga wa milele umwangazie," Paskalina alinong'ona pamoja nao, huku akijiuliza ni nani aliyefariki upande wa Jovin.

"Marehemu Paskalina, mama mzazi wa binti yetu," mzee alimalizia, "apumzike kwa amani."

"Amina," aliitikia Noela, kabla ya wote.