Gari Lisilo na Masikio

Usukani ulijizungusha wenyewe kwenye kona, na Mektrida akaukumbatia mkungu wake wa ndizi.

"Usiogope, bibi," alisema Isha, binti wa mjini aliyekaa naye kiti cha nyuma. Kazi yake ilikuwa kuwapakia watu bure mpaka soko la Kiboriloni na kuwauliza wanalionaje gari linalojiendesha.

Mektrida alichungulia mbele. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu, kinene kama kochi la mchungaji.

"Usikiguse tu. Kina mitambo."

"Nikiguse cha nini? Kwani kimeniposa?"

Isha akacheka. "Haya, unalionaje?"

"Mwanzoni nilisema ni la shetani. Sasa nimeona uzuri wake. Dereva wa kibinadamu ana masikio. Ukisema neno huku juu mlimani, kabla hujashuka limeshafika sokoni. Mkwe wangu Gidioni ni dereva, nawajua hao."

"Mnaelewana naye?"

"Mke wake, Hellen wangu, amerudi kwangu tangu Pasaka. Kesho Gidioni anakuja na wazee na jani la isale, kuomba msamaha."

"Alikosa nini?"

Mektrida alikitazama kile kiti kitupu, akatabasamu. "Hajakosa kitu. Mimi ndiye niliyemwambia Hellen kwamba mumewe ana mwanamke Bomang'ombe."

Gari likayumba.

"Shimo hilo," Isha alisema haraka. Mektrida hakuona shimo lolote.

"Lakini kwa nini, bibi?"

"Ng'ombe wangu, mwanangu. Mimi nikimkamua anapiga ndoo teke. Hellen akimshika tu, maziwa yanamiminika. Nimrudishe kwa mumewe, nibaki nakunywa chai ya rangi?"

"Na hao wazee wa kesho?"

"Isale likinifikia mkononi sina ujanja, lazima nisamehe. Kwa hiyo halitanifikia. Alfajiri nateremka Mabogini kwa dada yangu, wakute mlango umefungwa." Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Andika hivyo: Mektrida anasema magari haya yaje mengi."

Isha hakuandika. Alikuwa amekodolea macho kiti cha mbele.

Gari lilipunguza mwendo, likageuka katikati ya barabara, likaanza kupanda mlima.

"Limepotea?" aliuliza Mektrida.

"Shikamoo, mama," kiti kikasema, kwa sauti ya Gidioni, na mikono miwili ya mtu ikachomoza kwenye kitambaa chake, ikashika usukani. "Hellen yupo nyumbani, au ameenda kukata majani?"