Dholi ya Mzee Chandu

Anuari alibana maikrofoni ukutani, akapandisha sauti ya kinanda. Hazikupita dakika mbili, ng'ambo ya ukuta kukaitika: du-dum! du-dum! du-dum!

"Njoo, mzee wangu, njoo," akanong'ona huku akirekodi.

Hapa mtaani Narung'ombe maji yalikuwa yamemfika shingoni. Mama Gaurav, aliyekuwa akimwoza mwanawe Jumamosi, alimwagiza wimbo wenye dholi, ile ngoma nene ya Kipunjabi ya kuvaliwa shingoni. Dholi ya ndani ya kinanda aliisikia akacheka, akasema hilo ni debe. Na mjomba, aliyekileta kinanda kutoka Dubai enzi hizi za ruksa ya kuingiza bidhaa, alishasema: wimbo ukikataliwa, kinanda kinauzwa, Anuari anarudi Buguruni kukunja mitumba. Jamani, mtu ameshaonja ustaa, arudi kukunja suruali!

Lakini Mungu si Athumani. Jirani yake Mzee Chandu, muuza vitambaa asiye na maneno mengi, kumbe fundi wa dholi. Anuari hakuwahi kumwuliza. Mhindi na dholi, kuna la kuuliza? Kila adhuhuri mzee akishafunga duka na kula, Anuari akiwasha kinanda tu, mzee anadakia. Akizidisha sauti, mzee anazidisha mkono. Umeme ukikatika, kimya. Msanii wa kweli huyo, hapigi bila mwenzake.

Basi akayakata mapigo yale, akayapanga kwenye kinanda, kila kibonyezo na pigo lake.

Mama Gaurav alicheza mpaka mtandio ukamwanguka. Alisema hajapata kusikia dholi yenye hasira namna ile. Sasa akamtaka mpigaji mwenyewe, ukumbini, mbele ya wakwe. Anuari, mdomo ukamponza, akaapa kumleta.

Akanunua jalebi, akabisha hodi kwa jirani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu Chandu, macho mekundu kwa usingizi.

Anuari akausifu mkono ule weee, akamsihi aje na dholi yake Jumamosi. Mzee akamvuta hadi chumbani. Juu ya kitanda, lipu ya ukuta ilikuwa imebanduka mpaka tofali likaonekana. Chini yake uliegemezwa mchi wa kinu.

"Dholi sina, wala sijui kupiga," alisema Mzee Chandu. "Huo ndio nagongea ukuta tangu mwaka uanze, upunguze kelele nilale."